Kutoa redio ya Kijapani na kufunga ya kisasa: maswali ninayoulizwa kila wiki

Wakuu, mimi nafunga redio za magari hapa Dar na karibu kila gari ninaloletewa ni mtumba wa Japani, IST, Vitz, Premio, Noah, Probox, na maswali ni yaleyale kila wiki, kwa hiyo nimeona niyaandike yote sehemu moja mtu asome kabla hajatoa hela yake. Nimeongelea Toyota zaidi maana ndizo ninazozishika kila siku.

Gari limetoka bandarini juzi, redio inashika stesheni mbili tatu tu. Ni mbovu?

Sio mbovu, imetengenezwa kwa ajili ya kwao. Japani FM yao inaanzia 76 inaishia 90, sisi huku inaanzia 87.5 mpaka 108, sasa ukiangalia sehemu zinapokutana ni kakipande kadogo tu ka 87.5 mpaka 90. Ndio maana ukiwa Dar Wasafi ya 88.9 unaipata safi kabisa, ila EFM ya 93.7 au Times ya 100.5 utazungusha mpaka kidole kiume. Redio za Kijapani za miaka ya karibuni zimeongezwa zinafika 95, hizo EFM utaipata ila Times bado hamna.

Si ninunue tu ile ekspanda, niache redio yangu?

Inawezekana, na kama hela haijakaa vizuri sikukatazi. Ekspanda ni kale kaboksi kadogo kanakokaa kati ya waya wa antena na redio, kazi yake ni kushusha masafa ili redio ya Kijapani iyaone kama ya kwao. Tatizo ni hesabu. FM yetu ina upana wa karibu 20, redio ya Kijapani ya 76 mpaka 90 inaona upana wa 14 tu, kwa hiyo huwezi kuziingiza zote hata ufanyeje. Mfano ekspanda inayoshusha 12, Wasafi utaikuta 76.9, EFM 81.7, Times 88.5, hapo uko vizuri, ila chochote kilichoko juu ya 102 sahau. Ukichukua ya kushusha 20 unapata kuanzia 96 mpaka 108, Times itakaa 80.5, lakini EFM na Wasafi zimepotea. Kwa hiyo kabla ya kununua uliza inashusha ngapi, halafu andika stesheni zako pembeni upige hesabu. Watu wengi wanauziwa yoyote iliyopo kwenye shelfu halafu wanarudi kulalamika ekspanda mbovu.

Kingine, ekspanda za bei chee zinaongeza mkwaruzo, na namba unayoisoma kwenye redio haitafanana tena na namba ya stesheni, hilo wengine linawakera.

Fundi alitoa betri, sasa redio imejaa maandishi ya Kijapani na haifanyi kitu.

Pole sana mkuu, hili naliona sana. Redio nyingi za Toyota zenye navigesheni zinahifadhi ramani kwenye kadi ya SD, na programu nzima ya redio inategemea ile kadi. Huku watu wanaichomoa wakidhani ni memori kadi ya kawaida wanaiweka kwenye simu, au inapotea njiani. Redio inaendelea kufanya kazi mpaka siku moto unakatika, betri ikitolewa tu ikirudishwa redio inadai kadi yake, nyingine zinadai na namba ya siri. Wapo wanaofungua kwa kupata kadi inayoendana au kutafuta hiyo namba, na kama redio ni ya ile saizi ya kipekee isiyo na mbadala basi hangaika nayo. Ila kwa IST au Vitz, hela ya kufungulia redio ambayo hata ikifunguka itakuonyesha ramani ya Osaka, mimi naona bora uiongezee ununue mpya.

Na TV ya kwenye hizo redio usiitegemee kabisa. Japani wanarusha kwa mfumo wa ISDB-T, sisi tunatumia DVB-T2, haviongei. Hata DVD, dunia imegawanywa kwa kanda (region), Japani ni kanda ya 2 na sisi huku Tanzania ni kanda ya 5, diski halisi ya huku inaweza kukataliwa.

Nikitumia kale kadude ka Bluetooth ka kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara?

Kanafanya kazi, ila kumbuka nako kanarusha kwa FM, kwa hiyo lazima ukaweke kati ya 87.5 na 90 ambako redio yako inaona, na hapo ndipo stesheni za mjini zimebanana. Utakuwa unasikia wimbo wako umechanganyika na mtangazaji.

Saizi nitaijuaje?

Redio za dunia nzima zina upana wa milimita 180. Fupi ni urefu wa 50, ya double ni 100. Toyota za Japani wao wameacha nafasi ya 200, hapo ndipo watu wanapojikuta wamefunga redio inacheza kushoto na kulia na pengo la sentimita moja kila upande. Kuna vipande vya plastiki vya pembeni vya kuziba, na kuna redio za inchi 7 zinazouzwa zikiwa na upana wa 200 kabisa, ulizia hizo mapema. Ukitaka skrini ya inchi 9 au 10 lazima ununue na fremu ya gari lako hasa, ya Vitz haiingii kwenye Premio, na hata Vitz ya umbo la zamani na ya umbo jipya fremu ni tofauti. Nenda na picha ya dashibodi yako dukani, au bora zaidi nenda na gari lenyewe.

Android au ya kawaida?

Inategemea wewe unataka nini. Mtu anayetaka redio, Bluetooth na USB, apige simu na asikilize muziki wake, namshauri redio ya kawaida ya kampuni inayojulikana, Pioneer, Sony, Kenwood, JVC, na awe makini ni halisi maana jina linabandikwa kwenye chochote. Inawaka papo hapo, sauti nzuri, inakaa miaka.

Android raha yake ni skrini, ramani na kamera. Ila hapa kuna uongo mwingi jamani. Redio imeandikwa RAM giga 4 na Android 13, ukiiwasha inasota kama simu ya kitochi, kwa sababu ndani ni prosesa dhaifu ya zamani na yale maandishi kwenye mipangilio yamebadilishwa kiwandani. Zile zenye prosesa ya 8227L ndizo maarufu kwa huo mchezo. Usisome maandishi, ijaribu: mwambie muuzaji aiunge kwenye betri palepale dukani, ifungue ramani huku muziki unapiga, halafu weka rivasi uone kamera inakuja kwa sekunde ngapi. Ikikwama dukani, kwenye gari lililosimama juani Ubungo itakwama zaidi. Giga 1 ya RAM usichukue kabisa, 2 ndio mwanzo wa kuongea.

Kama simu yako inakubali CarPlay (ya iPhone) au Android Auto, yaani programu za simu kuonekana kwenye skrini ya redio, basi hata redio isiyo na Android ila yenye hizo mbili inatosha kabisa, kazi nzito yote inafanywa na simu.

Fundi anataka kukata soketi ya gari ili aunge waya. Nimruhusu?

Hapa naomba tuelewane kabisa maana ndipo magari ya watu yanapoharibiwa. Hapana. Usimruhusu.

Nyuma ya redio za Toyota nyingi kuna soketi mbili, moja pana ya pini 10 na nyingine ndogo ya pini 6. Ya 10 inabeba moto, ethi (waya wa hasi unaoenda kwenye bodi ya gari), taa za redio na spika za mbele, ile ya 6 ni spika za nyuma. Kuna waya zinauzwa zina soketi hizohizo upande mmoja, upande wa pili unaunga na redio mpya, Kariakoo zimejaa na bei yake ukilinganisha na redio ni hela ya chai. Redio nyingi za Android zinakuja nazo kwenye boksi kabisa. Ukitumia hizo hakuna waya wa gari unaoguswa, siku ukitaka kurudisha redio ya zamani unachomoa unachomeka.

Mimi mwenyewe niliingia kwenye hii kazi kwa machungu ya kukatiwa. IST yangu ya kwanza niliipeleka kwa fundi mmoja, nimekaa pembeni nakunywa soda namwona anachukua koleo, kachu, soketi zote mbili chini. Nikajua ndio utaalamu. Nyingine akaunga kwa kupima, nyingine rangi kwa rangi, kijani kwa kijani, akazungushia tepu nyeusi, redio ikapiga. Spika ya nyuma kushoto ikawa kimya, akaniambia hiyo imekufa mkuu, utanunua nyingine. Jioni narudi nyumbani nawasha taa, sauti yote ikakata. Nazima taa, sauti inarudi. Nawasha, inakata. Nikaendesha hivyo siku nne nikidhani labda alternata, siku ya tano sauti ikaondoka haikurudi tena.

Nilipokuja kuifungua mwenyewe dashibodi nikakuta zile tepu zimelegea kwa joto, gundi inanata vidoleni kama asali, nyuzi za waya zimechungulia nje. Na kijani niliyoikuta ndio iliyoniua. Upande wa Toyota kijani ni moto wa taa, ukiwasha taa inaleta volti 12. Upande wa redio mpya kijani ni spika ya nyuma kushoto. Kwa hiyo kila nikiwasha taa nilikuwa naingiza volti 12 kwenye njia ambayo redio inatolea sauti. Ilijikinga siku nne, ya tano ikashindwa. Na ile spika ilikuwa nzima kabisa, ilikuwa haijaungwa popote.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "rangi ni rangi, unga tu", chukua funguo yako uondoke.

Basi tupe rangi zenyewe.

Redio mpya nyingi zinafuata mpangilio huu: njano ni moto wa kudumu kutoka betri, nyekundu ni moto wa ACC unaokuja ukizungusha funguo, nyeusi ni ethi, bluu ni moto wa antena, bluu yenye mstari mweupe inaenda kuwasha amplifaya, rangi ya chungwa ni taa. Spika: nyeupe mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia, na yenye mstari mweusi ndio hasi ya mwenzake.

Upande wa Toyota nyingi: bluu yenye njano ni moto wa kudumu, kijivu ni ACC, kahawia ni ethi, kijani ni taa. Mbele kulia ni kijani cha mpauko na bluu, mbele kushoto pinki na zambarau, nyuma kulia nyekundu na nyeupe, nyuma kushoto nyeusi na njano. Umeona mtego? Nyekundu, njano na nyeusi, zile ambazo kila mtu anaamini ni moto na ethi, kwenye Toyota ni spika.

Hata hivyo pima kwa mita kabla ya kuunga, maana gari lishapita mikononi mwa watu. Kujua waya wa spika chukua betri ya rimoti ya volti 1.5, gusisha waya mbili, spika itatoa tap, na ukiweza kuiona ikisukumwa kwenda nje basi waya uliogusa chanya ya betri ndio chanya ya spika. Na usije ukaunga hasi ya spika kwenye bodi ya gari, redio za siku hizi zinasukuma sauti pande zote mbili za spika, ukiipeleka hasi kwenye ethi unaunguza redio.

Kila nikizima gari redio inasahau stesheni na saa.

Njano na nyekundu zimebadilishana, au njano haina moto wa kudumu. Kwenye Toyota nyingi moto wa kudumu wa redio unapita kwenye fyuzi iliyoandikwa DOME, angalia na hiyo, mara nyingi taa ya ndani nayo itakuwa haiwaki.

Gari likilala siku mbili betri imekwisha, tangu nifunge redio.

Hapa fundi kaunga njano na nyekundu pamoja kwenye moto wa kudumu, redio hailali. Au ni Android isiyojizima vizuri. Pima: funga milango yote, subiri nusu saa gari litulie, halafu weka mita kwenye njia ya betri. Gari zima likiwa chini ya miliampia 50 uko salama. Ikiwa juu ya hapo chomoa fyuzi ya redio, namba ikishuka umempata mwizi.

Redio mpya, lakini FM inashika vibaya kuliko ya zamani!

Tisa kati ya kumi... hapana sitaki kutaja namba, niseme tu mara nyingi sana ni waya wa bluu. Magari yenye antena ya kwenye kioo au ile ya pezi la papa juu yana kabusta kadogo kanakohitaji volti 12 kutoka redio. Bluu isipoungwa busta imelala, unapata za jirani tu. Fundi anaiacha inaning'inia kwa sababu haijui kazi yake. Sababu nyingine ni plagi ya antena haijaingia mpaka mwisho, au ekspanda ya zamani bado imefichwa nyuma, toa, redio mpya haiihitaji. Na kwenye mipangilio hakikisha eneo halijawekwa Japani.

Boksi limeandika wati 50 mara 4. Spika zangu zitapasuka?

Hapana, hiyo 50 ni ya kilele. Kwa volti za gari na spika ya omu 4, redio nyingi zisizo na amplifaya ya nje zinatoa kama wati 15 mpaka 20 za kweli kila spika. Kinachoua spika ni kufungulia mpaka sauti inakwaruza halafu unaendelea hivyohivyo safari nzima. Kama unataka sabufa nunua amplifaya na uvute waya wake mnene moja kwa moja toka betri, wenye fyuzi karibu na betri.

Wenye Harrier za JBL na Nissan za Bose, nyie gari lina amplifaya tayari limefichwa, redio ya kawaida ikifungwa kienyeji mtapata skrini inawaka bila sauti. Tafuteni waya maalum wa hizo.

Kuna mlio unapanda na kushuka nikikanyaga mafuta.

Ethi mbovu. Kaza ethi ya redio kwenye bati safi lisilo na rangi, na waya za sauti za amplifaya zipite upande mwingine na waya wa moto, usizilaze pamoja.

Kamera ya rivasi inafungwaje?

Waya wa video unatoka nyuma unachomekwa kwenye redio, moto wa kamera unachukuliwa kwenye taa ya rivasi, na kuna kawaya kembamba kwenye redio kanakoandikwa BACK au REVERSE nako kanaunganishwa hapohapo kwenye moto wa taa ya rivasi. Hako kakisahaulika kamera haiji yenyewe. Kwenye mlango wa nyuma pitisha waya ndani ya ule mpira wa kiwanda, ukipita nje utakatika ndani ya miezi.

Vitufe vya usukani vitafanya kazi?

Toyota nyingi ndiyo, redio ikiwa na waya za KEY1 na KEY2, unaunga kisha unaifundisha kitufe kimoja kimoja kwenye mipangilio. Magari ya Ulaya yanahitaji kaboksi ka kutafsiri.

Naweza kufunga mwenyewe?

Ukiwa na soketi sahihi na hujakata kitu, unaweza kabisa. Spana 10, bisibisi ya nyota, na kipande cha plastiki cha kubandulia dashibodi, usitumie bisibisi bapa utachora plastiki makovu ya maisha. Toa hasi ya betri kwanza (ila kama bado una redio ya kadi ya SD umeshasoma juu). Paneli zinashikwa na klipu, vuta kwa utaratibu karibu na klipu, redio yenyewe ina bolti nne na vyuma viwili vya pembeni, hivyo vyuma unavihamishia kwenye redio mpya. Ukikutana na soketi ya njano usiiguse, hizo ni za eabegi. Kabla ya kurudishia plastiki washa kila kitu ukijaribu: funguo, taa, rivasi, spika moja moja. Taa hasa, nyie mnajua kwa nini.

Nataka video ziendelee kucheza nikiwa naendesha, fundi anasema anaweza kuruka waya wa handbreki, ule unaozuia video gari likitembea.

Anaweza, mimi sifungi hivyo. Ule waya uunge kwenye handbreki kama ulivyokusudiwa. Bodaboda anakatiza mbele yako kwa nusu sekunde, macho yakiwa kwenye skrini humwoni.

Redio ya zamani niitupe?

Usitupe hata screw. Ifunge kwenye nailoni pamoja na kadi yake ya SD, bolti na ile plastiki ya dashibodi, weka stoo. Siku ya kuuza gari unaweza kutoa redio yako mpya uhamie nayo kwenye gari lingine, ukachomeka ya zamani kwa dakika ishirini, soketi zake mbili zikiwa zipo palepale kama zilivyotoka kiwandani.